Usiioshe Kwanza: Namna ya Kuitambua Zana ya Kale Ambayo Kazi Yake Imesahaulika

(Hotuba hii ilitolewa Iringa mjini mbele ya mafundi, walimu, vijana na wazee waliokuja na zana za zamani kutoka majumbani mwao. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya ambao hawakufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.)

Wazee wetu, shikamooni. Kina mama, kina baba, mafundi, walimu, vijana: kamwene! Na wenzetu mliotoka Mbozi, Tukuyu, Njombe na Makete, karibuni sana.

Meza zimejaa. Kuna vyuma vilivyotoka darini, kuna vilivyochimbuliwa shambani, kuna vilivyookolewa siku moja kabla mnunuzi wa chuma chakavu hajapita na mizani yake. Na kila anayepita mezani anauliza swali moja: hiki ni nini?

Ndugu zangu, swali hilo ni la haki, ila ni swali la mwisho. Ukilitanguliza, utabahatisha jina, na jina la kubahatisha likishatajwa mbele za watu linashika kama utomvu wa fenesi. Kulitoa ni kazi. Leo tutatanguliza maswali matatu mengine. Mkono ulishika wapi? Kazi iligusa wapi? Na chombo kilizuiwa na nini kisivuke mpaka wake? Mkono, kazi, kizuizi. Atakayesahau mengine yote asisahau hayo: mkono, kazi, kizuizi.

Lakini kabla ya swali la kwanza, kuna katazo. Usiioshe zana.

Mtu akikuta chuma cha babu, anatafuta nini haraka? Msasa, au brashi ya waya. Anataka king'ae ndipo akipige picha. Hebu tuone anachopoteza. Chukueni chuma cha kubandulia magome ya miwati, kazi iliyofanywa sana kule Njombe, ambako kampuni ya miwati, TANWAT, ilianza mwaka 1949. Magome yalitakiwa kwa sababu yana tanini, dawa ya kulainishia ngozi. Chombo chenyewe ni bapa, upana wa sentimita 5 hadi 8, mdomo wake ni wa mviringo kama ulimi na umepinda kidogo. Hakina ukali wa kukata, kwa kuwa kazi yake ni kuingia kati ya gome na mti na kulinyanyua gome bila kuuchimba mti. Ukikikuta bila mpini utasema ni patasi iliyoisha, au mwiko wa mwashi uliokatika.

Nini kitakachokuambia ukweli? Rangi. Kutu ya kawaida ni nyekundu au kahawia. Tanini ikikutana na chuma penye unyevu huacha doa jeusi linaloelekea buluu. Ni mchanganyiko huohuo ambao kwa karne nyingi Ulaya walitengenezea wino wa kuandikia. Basi chuma chenye mdomo butu, uliolainika, wenye weusi wa wino hadi sentimita kadhaa kutoka nchani, kimeshajitaja. Ukipiga msasa dakika tano, umemuua shahidi wa pekee uliyekuwa naye.

Kwa hiyo fanya hivi. Ondoa udongo kwa mswaki mkavu na kijiti cha mwanzi, si kwa msumari. Kinachodondoka kikusanye kwenye karatasi, maana punje ya kahawa, nta ya nyuki, chokaa au unga wa dhahabu hukaa pembeni mwa mpini miaka mingi. Piga picha asubuhi au jioni, jua likiwa chini, kwa sababu mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha mikwaruzo na herufi zilizofifia. Jua la saa sita huzifuta. Piga pande zote mbili, piga na ukingo, weka rula kando yake. Andika kilipokutwa na kilikutwa na nini, kwa kuwa chuma kimoja kilichotolewa kwenye sanduku la vyuma vinane kimepoteza mashahidi saba. Mpini wa mti usiutie maji wala mafuta. Ukishamaliza kukitambua, hapo ndipo uruhusiwe kupaka mafuta mepesi ya mashine. Ya alizeti hapana: yakikaa hukauka yakawa utando unaonata, unaokusanya vumbi.

Sasa mkono.

Twendeni kwanza mahali ambapo mkono ndio ulikuwa kila kitu. Kilomita 20 hivi kutoka hapa, ukishika njia ya Mbeya, kuna Isimila. Mwaka 1951 mpita njia kutoka Afrika Kusini aliyaona mawe yaliyochongwa katika korongo lile. Mwaka 1957 na 1958 F. Clark Howell akaongoza uchimbaji. Zana zile zimekadiriwa kuwa na umri wa takriban miaka 260,000. Hazina maandishi, hazina jina la fundi, na hakuna mzee aliyebaki wa kuhadithia. Zilisomwaje basi? Kwa mkono na kwa kazi. Shoka la mkono limechongwa kingo mbili zikakutana kwenye ncha, na upande wa pili limeachwa nene ili likae kiganjani. Jenzake, lile pana, halina ncha. Lina mdomo ulionyooka kama wa shoka letu. Umbo moja linachoma na kukata, la pili linapasua na kutenganisha. Na kwa kuwa tumetaja Isimila: mawe yale yabaki palepale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu kuyachukua, na jiwe lililoletwa mjini mfukoni limeshapoteza nusu ya habari zake.

Kwenye chuma, mkono unasomwa mahali mpini unapoungana na zana. Kuna njia tatu. Kuna mkia unaochomekwa ndani ya mti, kuna jicho ambalo mti unapita ndani yake, na kuna soketi, chuma kilichokunjwa kama faneli kikaumeza mti. Majembe ya wahunzi wetu wa zamani yalikuwa ya mkia: mkia ulipenyezwa kwenye kinundu cha mpini, na kila pigo la kulima likazidi kuukaza. Jembe la jicho ndilo lililokuja na viwanda. Ukiona bamba lenye umbo la moyo au jani, lina mkia na halina jicho, usiliite kijiko kikubwa wala ncha ya mkuki kabla hujalipima unene. Mara nyingi mkuki una mgongo katikati, jembe aghalabu halina. Tazama na pembe zake. Aghalabu moja imelika kuliko nyingine, kwa sababu mlimaji alisimama upande uleule, siku zote, msimu hadi msimu. Tumezoea kusema mchagua jembe si mkulima. Ukiyasoma majembe yaliyolika utaona wakulima walichagua, tena kwa makini: jembe pana lililoisha halikutupwa, lilishushwa daraja likawa kijembe cha palizi. Dogo lile unaloliona mezani halikuzaliwa dogo.

Kuna na mikia isiyotaka mpini. Mezani kuna kitu kama kichwa cha shoka fupi, mdomo juu, na chini kigingi cha pembe nne. Watu wamekizunguka wakitafuta mti wake. Hakina mti. Kigingi cha pembe nne kinaingia kwenye tundu la pembe nne la fuawe; mhunzi analaza chuma chekundu juu ya mdomo ule, anapiga nyundo kutoka juu, chuma kinakatika. Mkono haukukishika kabisa, na ndiyo sababu hakina popote palipong'azwa na kiganja. Mkia wa pembe nne unaopungua taratibu kama piramidi nyembamba ni habari nyingine: huo ni wa kuingia kwenye keekee, chombo cha kutobolea mti, ili kizungushwe. Ule wa kukaa, huu wa kuzunguka. Na ukiona kichwa kilichochanua kingo kama uyoga, jua kilipigwa kwa nyundo ya chuma miaka na miaka. Patasi ya seremala inayopigwa kwa nyundo ya mti haichanui hivyo.

Tuje kwenye kazi, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo watu wengi wanapokosea.

Wekeni akilini vyuma vitatu vinavyofanana. Vyote ni mrija au nusu ya mrija, vyote vina ncha, vyote vyaweza kuwa na urefu wa shibiri moja. Kimoja ni cha seremala, kimoja ni cha mnunuzi wa mazao, kimoja ni cha daktari wa mifugo. Utavitenganishaje?

Cha seremala ni bobari, patasi yenye mdomo wa mviringo ya kuchimbia mashimo na mifereji. Itazame mdomoni: imenolewa, ina mteremko wa tupa au jiwe, na mteremko huo ni mpya kuliko sehemu nyingine zote kwa kuwa ulinolewa kila wiki. Upande wa nyuma umeziba, kwa sababu unapigwa au unasukumwa.

Cha mnunuzi ni bambo. Wakulima wa kahawa wa Mbozi na Rungwe wanalijua, na wafanyabiashara wa mahindi vilevile. Hili limechongoka lakini halikunolewa. Tumbo lake liko wazi urefu wote, na kwa nyuma pia liko wazi, au mpini wake una tundu. Kwa nini? Kwa sababu kazi yake ni kutiririsha. Unalichoma guniani likielekea juu kidogo, tumbo likitazama chini. Ndani unaligeuza, tumbo likatazama juu likajaa punje. Unalishusha mkono, punje zinateremka kwenye mrija hadi kiganjani. Umeona kahawa ya katikati ya gunia bila kulifungua. Ukilitoa, unasugua gunia kwa ncha yake na nyuzi zinarudi, tundu linajifunga. Bambo lililofanya kazi sana limeng'aa ndani kuliko nje. Hilo ndilo la kutafuta: mng'ao wa ndani. Punje maelfu kwa maelfu zimepita humo. Likianza kuonekana nyumbani kwa mtu ambaye hakuwahi kununua mazao, ataambiwa ni kisu cha vita, na hilo halilitendei haki bambo wala vita.

Cha mifugo ni troka. Hiki ni viwili kwa kimoja: sindano nene yenye ncha ya kingo tatu, na mrija mwembamba unaovaliwa juu yake, wenye kisahani mdomoni ili usizame. Ng'ombe akivimba tumbo kwa gesi, kama anapokula majani mabichi yenye umande, tumbo linachomwa ubavuni upande wa kushoto, sindano inatolewa, mrija unabaki na gesi inatoka. Tatizo ni kwamba vipande hivi viwili hupoteana. Mrija ukibaki peke yake watu husema ni wa taa. Sindano ikibaki peke yake husema ni msharasi wa fundi viatu. Kagua ncha: msharasi ni wa mviringo au bapa, troka ina kingo tatu kama piramidi. Kagua na shina lake: troka ni laini na ya unene uleule mpaka karibu na ncha, kwa kuwa mrija uliteleza juu yake.

Mnaona? Umbo lilikuwa moja. Kilichovitenganisha ni mahali kazi ilipogusa: mdomo, tumbo, ncha.

Na isiwe chuma tu. Kule Ufipa, na sehemu nyingine za nyanda zetu hizi, wakulima wanapolima hukuta vipande vya mirija ya udongo wa kuchomwa, vinene, tundu linaloingia vidole viwili hivi. Wengi huviita mabomba ya maji ya watu wa kale. Kigeuze utazame ncha zote mbili. Upande mmoja ni udongo wa kawaida. Upande wa pili umeyeyuka, una kioo cheusi au cha kijani, pengine umegandwa na mavi ya chuma. Je, maji huyeyusha udongo? Hapana. Ule ni mrija wa kupitisha hewa kwenye tanuri la kuyeyushia chuma. Ncha yenye kioo ilikuwa ndani ya moto, ncha safi ilikuwa nje. Wafipa walikuwa na tanuri refu, ilungu, lililosimama kupita kimo cha mtu na kujivutia hewa lenyewe kupitia mirija ya chini bila mivukuto. Kisha chuma kile ghafi kikasafishwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, ambalo hilo lilipulizwa kwa mivukuto. Kwa hiyo ukiokota mrija, pima urefu wa sehemu iliyoyeyuka. Umepima mrija uliingia kiasi gani motoni, bila kuliona tanuri.

Swali la tatu ni kizuizi, na hili ndilo lisiloulizwa. Zana nzuri imetengenezwa ili ifanye kazi yake na isifanye zaidi. Fundi alikwenda mbali kuizuia, akaweka kinundu, akaacha pengo, akapunguza kina. Tafuteni kizuizi, mtaikuta nia.

Mfano wake mkubwa uko pale meza ya pili, lile koleo zito lenye mikono mirefu, karibu nusu mita. Vijana wamejaribu kukatia waya nalo. Halikati. Wamesema limekuwa butu. Ndugu zangu, halikuwa butu, liliumbwa lisikate. Hilo ni koleo la kuhasia, linaloitwa burdizo kwa jina la mbunifu wake, Napoleone Burdizzo wa Italia. Meno yake mawili ni mapana na hayana ukali, na mikono yake ina maungio ya ziada ya kuongeza nguvu. Kazi yake ni kuponda mshipa wa korodani ya dume ndani ya ngozi, bila ngozi kupasuka: hakuna damu, hakuna kidonda, hakuna nzi. Sasa tazama vizuizi. Jino moja lina vinundu viwili vidogo pembeni, ili mshipa usichoropoke. Kwenye mkono mmoja mara nyingi kuna kikalio cha nusu mwezi, cha kuegemeza kwenye goti anayefanya kazi peke yake. Na kinachohusu zaidi: meno yakifungwa kabisa yanaacha nafasi ndogo mno.

Unaipimaje nafasi hiyo? Weka uzi katikati ya vipande viwili vya kadibodi nyembamba, ubane. Koleo zima litauponda uzi na kadibodi haitakatika. Kadibodi ikikatika, litapasua ngozi. Uzi ukibaki mzima, dume litabaki dume, na mfugaji atalijua hilo miezi kadhaa baadaye, mitamba ikiwa imeshapata mimba asiyoitaka. Wanaolitumia bado: kila mshipa peke yake, mara mbili, pigo la pili chini ya la kwanza, na mistari ya kushoto na kulia isikutane, maana ikikutana damu haipiti na mfuko wote unaoza. Likae sandukuni meno yakiwa wazi kidogo. Na jamani, lisikatie waya tena. Kovu moja la waya kwenye jino linatosha kuchana ngozi ya ng'ombe.

Kizuizi kingine ni kidogo sana, na kiko kwenye bamba la chuma la ukubwa wa kiganja, lenye mifereji mitano sita pembeni, kila mmoja upana wake. Hili limeitwa kitana, likaitwa ufunguo, likaitwa pambo. Pimeni kina cha mifereji, si upana peke yake. Ni mifupi mno kushika nati. Upana unatofautiana kwa kuwa misumeno inatofautiana unene. Kina ni kifupi ili jino la msumeno lipinde juu tu. Ni kipindia meno cha wapasua mbao, wale wa msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mmoja shimoni. Jino moja linapindwa kulia, linalofuata kushoto, ili njia ya msumeno iwe pana kuliko bamba lake na usikwame kwenye mti mbichi. Jino linapindwa theluthi ya juu, isizidi nusu. Ukilipinda kutoka shinani linavunjika. Mfereji mfupi ndio uliomzuia fundi mwenye haraka.

Wakati mwingine kizuizi ni kipimo chenyewe, hivyo mje na rula ya milimita. Fikirini fimbo ya chuma iliyonyooka, ndefu kupita mita moja, ina vinundu viwili vya kudumu na haina maandishi. Itakuwa nini? Pima kutoka uso wa nje wa kinundu kimoja hadi uso wa nje wa cha pili. Ukipata milimita 1,067, umeshika geji, kipimo cha nafasi kati ya reli mbili, ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 ikapita Makambako na Mbeya. Ukipata 1,000, chombo kimetoka Reli ya Kati ya zamani. Tofauti ni milimita 67, na hizo ndizo zinazozuia behewa la njia moja kupita kwenye njia ya pili pale Kidatu. Rula peke yake imekupa kazi na imekupa reli.

Kwa vyombo vidogo kumbukeni kuwa inchi moja ni milimita 25.4. Urefu wa milimita 76, 152 au 305 unaonekana wa ajabu mpaka uujue kuwa ni inchi 3, inchi 6 na futi moja: asili ya Kiingereza. Namba kamili za milimita huelekeza Ujerumani au China. Na spana za mashamba ya chai ya Mufindi na Tukuyu zilizoandikwa 1/2W msizitupe eti zimeandikwa uongo. Namba ile ni ya kipenyo, kwa inchi, cha bolti ya Whitworth, mtindo wa zamani wa Kiingereza, na mdomo wenyewe ni milimita 23 na kidogo. Kitu kilichofuliwa na mhunzi wa kijijini hakitakupa namba kamili ya upande wowote. Hiyo nayo ni habari.

Alama nitazipitia haraka, kwa sababu watu huziamini kupita kiasi. D.R.G.M. ni usajili wa ubunifu wa Ujerumani, ulioanza mwaka 1891. Chombo chenye alama hiyo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Mistari mitatu kama unyayo wa kuku ni mali ya serikali ya Uingereza. EAR&H ni shirika la zamani la reli na bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948. Mamba kwenye jembe ni kiwanda cha Chillington cha Wolverhampton. UFI ni kiwanda cha Ubungo, ZZK ni kiwanda cha Zana za Kilimo Mbeya, na hizo mbili zinastahili kutunzwa sawasawa na za Mjerumani. CAST STEEL iliyogongwa kwenye patasi isiwadanganye kuwa ni chuma cha kumiminwa kama cha jiko la zamani, kinachovunjika ukikiangusha. Ni chuma cha pua kilichoyeyushwa kwenye vyungu, ufundi wa Sheffield tangu miaka ya 1740, na ni bora kuliko vingi vinavyouzwa dukani leo.

Lakini alama inakuambia chuma kilizaliwa wapi. Haikuambii kilifanya kazi gani, kwa sababu vyuma vyetu vingi vimezaliwa mara mbili. Tupa ikiisha meno, mhunzi huifanya kisu. Tazama ubavuni mwa kisu, mistari ya tupa iliyopishana bado inaonekana chini ya makali. Springi ya gari huwa mundu au panga. Tafuta tundu la bolti ya katikati. Kipande cha reli huwa fuawe. Katika mkoa huu kila mkuki wa zamani huambiwa ni wa vita vya Mkwawa, na moyo wa anayesema hivyo unaeleweka. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alifariki mwaka 1898, kabla ya magari kuipanda milima hii. Mkuki wenye mpindo wa springi ya gari ni mkuki wa mjukuu. Mwandikieni mjukuu huyo jina lake kwa heshima. Kumpa babu kazi ambayo hakuifanya ni kuwapunja wote wawili.

Sasa hatari, na hapa naomba wazazi wasikilize. Wenzetu wa Chunya, kwenye dhahabu ya Lupa iliyovuta watu wengi miaka ya 1920 na 1930, mnaweza kukuta chungu kizito cha chuma chenye kifuniko cha kukaza kwa skrubu na bomba refu linaloinama. Kinafanana sana na mtambo wa kupikia pombe. Sicho. Kilitumika kuchemshia zebaki itoke kwenye dhahabu, na zebaki hujificha kwenye kutu na maungio. Usikipashe moto, usikipikie, usikikwangue, watoto wasikichezee. Taa ndogo ya shaba yenye vyumba viwili, cha juu cha maji na cha chini cha kabaidi, ni ya mchimbaji. Ukikuta mawe ya kijivu ndani, yaweke mbali na maji na moto, gesi yake hulipuka. Na kitu chochote cha mviringo chenye kichwa kilichochongoka na pete ya shaba, kilichochimbuliwa ambako vita ya 1914 hadi 1918 ilipita, usikiinue. Weka alama, rudi nyuma, waite polisi. Usimtume mtoto akakilete tukione hapa.

Limebaki la wazee, na nimeliweka hapa makusudi. Tukienda kwa mzee tunafanyaje? Tunamwonyesha picha kwenye simu, tunamuuliza, "Babu, hiki si cha kukamulia asali?" Babu ni mtu wa adabu, anakubali. Tumemlisha jibu. Msifanye hivyo. Mpeni chombo chenyewe, mkononi, akiwa amekaa au amesimama kama mtu wa kazi. Kisha nyamazeni. Tazameni mikono yake kabla ya mdomo wake. Mpe mama aliyechuma chai Mufindi ufito mrefu mwepesi, usio na alama yoyote, ambao wewe ungeuwasha jikoni. Hatauuliza. Ataulaza hewani, bapa, kwenye usawa wa kiuno, kama anaulaza juu ya meza ya michai, na vidole vya mkono wa pili vitakuwa vinatafuta majani yaliyochomoza juu ya ufito. Kazi imejitaja. Baada ya hapo ndipo uulize jina, na uliandike kwa lugha anayolitamkia, Kihehe, Kibena, Kikinga, Kinyakyusa, Kinyiha, pamoja na kijiji. Kiswahili chake kifuate. Wazee wawili wakitofautiana, andika yote mawili; vijiji viwili vyaweza kuwa na kazi mbili kwa chuma kimoja.

Basi tuinuke. Kila chombo kina kadi na kamba. Kamba ifungwe kwenye mpini au jicho, wino usiguse chuma. Kadi ina mistari mitano: kilikotoka, mkono, kazi, kizuizi, vipimo kwa milimita. Mstari wa jina uko nyuma ya kadi, na ujazwe mwisho. Wazee watangulie meza ya kwanza, viti viko pale. Vijana, shikeni rula na mswaki mkavu. Na yule aliyeweka brashi ya waya karibu na meza ya tatu, naomba aje aichukue aiweke kwenye gari lake.